Majibu ya Fundi wa Nyambizi

Katika daftari langu la wakati ule kuna majibu tisa. Watu tisa walimuuliza Fundi, kila mmoja kwa siku yake, anatengeneza nini nyuma ya nyumba, na kila mmoja alipewa jibu la peke yake. Mwenyekiti wa mtaa aliambiwa ni tangi la maji. Mama muuza vitumbua aliambiwa ni tanuri. Katekista aliambiwa ni kazi ya mtu fulani wa Manyoni ambaye hapendi kutajwa. Dereva wa trekta aliambiwa ni kichwa cha treni, na kwa kuwa dereva yule alikulia Itigi kando ya reli, alirudi kwetu amekasirika. Watoto wa mtaa waliambiwa ni nyambizi, chombo cha kwenda chini ya maji, na wao peke yao ndio waliosikia na kuamini palepale.

Mimi nilimuuliza wa mwisho. Aliniangalia, akajifuta grisi kwenye suruali, akasema, "Nataka kuona chini."

Niliandika maneno hayo matatu nikayapigia mstari. Jibu fupi namna ile, nilijiambia, lazima linaficha jambo.

Nilikuwa naishi kwa shangazi, mtaa wa Mandewa, na kati yetu na Fundi kulikuwa na ua wa minyaa tu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu katika miaka ile ambayo serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Waliotutangulia walikaa nyumbani wakisubiri barua, na barua zikaja. Sisi tuliambiwa soko sasa ni huria, kila mtu ajitafutie. Nilikuwa nimepeleka maombi katika ofisi sita za mjini Singida na nilikuwa na muda mwingi sana wa kuwaza. Mtu mwenye muda wa namna hiyo akiwekwa jirani na mtu mwenye siri, hawezi kulala vizuri.

Fundi alikuwa wa kimo cha kawaida, mwenye mikono iliyoonekana kuwa ya mtu mwingine, mkubwa zaidi. Miaka mingi alikuwa mkuu wa mitambo katika kiwanda cha umma cha kukamua alizeti, mpaka kiwanda kilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Wenzake walifungua maduka ya mitumba au walirudi Kinampanda kulima. Yeye alipata kibarua cha kutengeneza mashine za kusaga, ambazo wakati huo zilikuwa zinaota kila mtaa kama uyoga. Asubuhi alizunguka na baiskeli akifufua injini za watu, mchana alirudi kwenye chombo chake.

Geti la uani kwake alilifunga kwa kufuli kubwa kama kiganja, na ufunguo akautundika kwenye msumari, upande wa nje. Jambo hilo lilinisumbua mwezi mzima. Mtu anayeficha hafanyi hivyo, na mtu asiyeficha hanunui kufuli. Nilifikia kuamini kwamba ule ufunguo ulikuwa mtego, kwamba alitaka kujua nani ataugusa. Mwishowe nilimuuliza.

"Kufuli ni la mbuzi," alisema. "Mbuzi hawajui ufunguo."

Nilicheka pamoja naye, kisha nikaenda kuandika.

Chombo chenyewe kilianza kama tangi la lori la mafuta lililopinduka mlima Sekenke. Matangi ya namna hiyo huwa na vyumba ndani, na Fundi alikuwa amenunua chumba kimoja kama chuma chakavu, kimekatwa kama kipande cha muhogo. Kabla hajawasha moto wa kuchomelea, alilijaza maji mpaka juu na kuliacha hivyo wiki tatu. Ilikuwa Septemba. Punda wa wauza maji walipita mbele yetu na madumu, wakaingia kwa Fundi, wakatoka na madumu matupu, siku baada ya siku, wakati shangazi alikuwa anaoshea vyombo maji aliyopikia mayai. Shangazi alipokasirika sana aliacha Kiswahili, na wiki zile tatu nyumbani kwetu kilisikika Kinyaturu kitupu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba fundi yeyote hufanya hivyo. Mvuke wa petroli hukaa kwenye chuma muda mrefu, na anayechomelea tangi bila kulijaza maji kwanza hulipuka nalo. Lakini hakumweleza mtu, na mtaa ukajieleza wenyewe. Wengine walisema anahifadhi maji ayauze kiangazi kikikaza. Wengine walisema Mjerumani alipokimbia nchi alitupa masanduku ya fedha katika ziwa Singidani, na Fundi amepata ramani. Mimi niliwadharau wote kwa sauti na kimoyomoyo nikaongeza dhana zao kwenye zangu.

Wema wake pia niliushuku. Kila Jumamosi alinipitishia kikombe cha uji wa mtama juu ya ua, akiniita msomi. "Kunywa, msomi, kichwa kinakula kuliko tumbo." Alitengeneza jenereta ya kanisa na kipaza sauti cha msikiti na hakutoza upande wowote. Alipoulizwa jambo lolote la watu, ugomvi wa mpaka au binti aliyemkimbia mumewe, alisema, "Tafuteni nati," akimaanisha kwamba kila kitu kinacholegea kina mahali pamoja pa kukazwa, na hakuendelea. Mke wake, mwanamke mpole aliyeuza dagaa sokoni, alituambia hata nyumbani huwa hivyo, unaweza kumlilia saa nzima akakupa neno moja. Mtu anayesema kidogo na kutoa sana, nilifikiri, anatulipa tunyamaze.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba Fundi aliogopa maji. Hakuwa anajua kuogelea. Mto ukijaa hata magotini, alisubiri ushuke, hata kama mashine ya mtu imesimama ng'ambo na foleni ya ndoo za mahindi imefika barabarani. Ziwani alikuwa anapita kila siku miaka yote aliyokuwa kiwandani, na mkewe aliapa kwamba hajawahi kulowesha hata kidole. Mtu kama huyo anajenga chombo cha kuzama. Nilijaribu kuyaunganisha mambo hayo mawili kwa kila njia niliyofundishwa, yakakataa.

Siku moja aliniita nikione chombo. Nilikwenda nikiwa na hakika kwamba ananionyesha ili nisione kingine. Kilikuwa kirefu kama vitanda viwili, kimepakwa rangi ya kijani ya milango. Mbele kilikuwa na kioo cha mviringo, kinene kama mkate, kilichotoka kwenye mtambo wa kiwanda, na barua ya meneja ya kumruhusu kukichukua aliitoa mfukoni kabla sijauliza, imekunjwa mpaka imechakaa. Nyuma kulikuwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ya mashine ya kusaga. Alinieleza kwa subira, akinyoosha kidole kimoja. Injini inataka hewa, kwa hiyo inafanya kazi juu ya maji tu, inazungusha pangaboi la kusukuma chombo na kuchaji betri za lori. Ukitaka kushuka unaizima, unafungulia maji yaingie kwenye mapipa yaliyo ubavuni, na betri zinaendesha mota ndogo. Ukitaka kupanda unafungulia upepo wa kompresa, unayafukuza maji kwenye mapipa. Juu kulikuwa na mfuniko wa chuma wenye mpira pembeni, aliouchonga kwa miezi minne, unaokaa mahali pake bila sauti.

"Na ukikwama chini?" nilimuuliza.

"Nimefunga kamba. Trekta litanivuta."

"Kamba ikikatika?"

Alifikiri. "Basi nitakuwa nimeona," alisema.

Usiku ule niliandika ukurasa mzima.

Mwaka uliofuata zilinyesha mvua ambazo watu wa Singida walizikumbuka kwa muda mrefu. Ziwa lilipanda mpaka likala barabara, na wazee waliokuwa wanavuka pembezoni mwake kwa miguu walianza kuzunguka. Fundi alikuwa anasubiri hilo. Miaka ya kawaida ziwa letu ni la kina kifupi, lakini sasa, alisema, kuna mahali pa kushuka, na maji hayatakaa hivyo kwa kutusubiri sisi. Ndiyo mara pekee niliyomwona na haraka.

Asubuhi ya kujaribu, trekta lilikivuta chombo kwenye tela mpaka ufukweni na mtaa wote ukafuata. Fundi alikuja amevaa mpira wa ndani wa tairi kiunoni, umejaa upepo, kwa ajili ya hofu yake. Alipanda juu ya chombo kwa heshima zote, akatumbukiza miguu kwenye tundu, akakwama. Mpira ulikuwa mpana kuliko mlango. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Dereva wa trekta alimwambia, "Fundi, treni yako imekataa abiria." Alitoa upepo taratibu, akaukunja mpira kama khanga, akaingia nao.

Injini iliwaka. Chombo kilikwenda kama hatua hamsini kikitoa moshi, na ninakiri kwamba nilisimama nimeshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha injini ilizimika, tukajua anajaribu kushuka. Mapipa yalilia yakimeza maji. Chombo kilishuka mpaka mfuniko ukakaribia kulowa, kikabaki hapo. Dakika kumi kilielea kama kiboko mvivu, hakizami, hakipandi. Mwishowe trekta lilimvuta.

Kosa lilitokana na jambo la kwetu kabisa. Mahesabu ya uzito Fundi aliyafanyia kwenye bwawa la mvua, kwenye maji matamu, na Singidani ni maji ya chumvi, maji mazito yanayobeba kitu zaidi. Kila mtoto wa Mandewa anajua ng'ombe wanapelekwa pale kulamba udongo. Alitoka kwenye tundu, akalamba kidole, akatikisa kichwa akicheka. Lakini ufukweni watu walikuwa wameacha kucheka. Ziwa limemkataa, walisema, na ziwa halikatai bila sababu.

Alihitaji kuongeza uzito, kama kilo mia mbili, wa kitu kisichochukua nafasi kubwa. Hapo alifanya jambo lililomponza. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba mawe ya kusagia.

Kwa akili ya fundi ilikuwa sawa. Mashine zilikuwa zimefika, hakuna aliyesaga tena kwa mkono, na mawe yale mazito yalilala nyuma ya majiko yakitagiwa na kuku. Lakini jiwe la kusagia la nyumba ya Kinyaturu mama mkwe humwachia mkwe wake, na mwanamke hulishika jiwe lile siku ya kwanza ya ndoa. Mwanaume akija kuliomba alizamishe ziwani, ziwa lililokwisha kumkataa mara moja, anaomba nini hasa? Shangazi alilitoa la kwake, kwa aibu ya ule uji niliokuwa nanywa, kisha hakulala siku mbili. Wanawake wengine walikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akaandika barua kwenda juu.

Wiki hiyo niliitwa katika ofisi mojawapo ya zile sita. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mnene, mpole, aliyekuwa na faili langu mbele yake, limefunguliwa. Alisoma vyeti vyangu kwa sauti, akavisifu. Kisha akaniuliza kama ni kweli naishi ua kwa ua na yule mtu wa tangi.

"Sisi hatumtakii mabaya," alisema. "Tunataka kujua tu. Wewe ni msomi, kijana wangu, unajua kuandika taarifa. Tuandikie. Na sisi tutaona unavyoandika."

Hakusema zaidi, na hakuhitaji. Nilitoka pale nikijua kwamba kazi yangu iko kwenye kurasa zile, na nikijua pia kwamba Fundi alikuwa amebakiza siku chache tu, mawe yalikuwa yanafungwa tayari, na maji yalikuwa yameanza kushuka.

Niliandika kwa siku mbili. Nilijitahidi sana kuwa mwadilifu. Niliweka majibu tisa kama yalivyosemwa, na nani aliambiwa, na siku gani. Niliandika habari za maji ya punda na sababu yake ya kifundi. Niliandika kwamba barua ya kioo nimeiona kwa macho yangu. Niliandika kwamba mimi binafsi sikuona kosa lolote. Kisha niliisoma na kuona haya, kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba msomi hafungi hoja bila kuacha mlango wazi. Nikaongeza sentensi moja mwishoni: "Hata hivyo, inawezekana mhusika ana lengo lingine ambalo halijajulikana."

Walikuja siku tatu baadaye, wawili wa ofisi na askari mmoja, Fundi akiwa anapanga mawe ndani ya chombo. Walimtaka aonyeshe kibali cha chombo cha majini. Alisema atakifuata popote kinapotolewa, wamwambie ni wapi. Hawakujua, katika mkoa wetu usio na bandari hakuna aliyewahi kukiomba. Walikizunguka chombo, wakaingiza vichwa, wakatafuta kosa la kuandika wakalikosa. Basi walichukua mfuniko, kwa uchunguzi. Wakamwandikia karatasi: mfuniko mmoja wa chuma, wa mviringo. Fundi aliisoma mara mbili, akatia sahihi, akawasaidia kuupakia, maana walikuwa wanaubeba vibaya.

Mimi nilikuwa nyuma ya minyaa. Sikutoka.

Nilipata kazi, msaidizi wa masjala, mwezi uliofuata. Kama wangeninyima ningeweza kujidanganya kwamba taarifa yangu haikuwa na uzito. Masjala ndiko mafaili yanakolala, na siku ya tatu nililikuta la Fundi. Kurasa zangu nne zilikuwemo. Hakuna aliyekuwa ameweka alama popote, si kwenye maji, si kwenye barua ya kioo, si pale niliposema sikuona kosa. Sentensi ya mwisho tu ilikuwa imepigiwa mstari wa wino mwekundu, mara mbili.

Mfuniko ulikuwa stoo, umeegemezwa ukutani. Kuurudisha kulihitaji dokezo la mistari mitatu na sahihi ya yule afisa. Niliandika dokezo hilo mara nyingi na kulichana mara nyingi. Niliogopa afisa ataniuliza kwa nini ninamtetea. Niliogopa zaidi kwamba hataniuliza. Kwa Fundi nilikuwa napita asubuhi na kusema shikamoo, na yeye alijibu marahaba, msomi, kwa sauti ileile, na uji wa Jumamosi uliendelea kuja juu ya ua. Nilitafuta kijembe katika sauti ile na sumu katika uji ule. Baadaye nilihamia chumba cha kupanga mjini, nikijiambia ni karibu na kazini.

Ziwa lilirudi chini, halikusubiri achonge mfuniko mwingine. Mwaka wa pili baada ya zile mvua barabara ilikuwa imekauka, na wa nne flamingo walisimama katikati kabisa, maji hayajawafika magotini.

Afisa alihamishwa kabla ya mwaka wa tano kuisha. Aliyekuja hakuijua habari, alitia sahihi dokezo langu huku anaongea na mtu mwingine. Jumamosi niliupakia mfuniko kwenye mkokoteni na kuusukuma mwenyewe mpaka Mandewa, nikiwa nimeandaa maelezo ya aina tatu, kutegemea atakavyonipokea.

Kufuli halikuwepo. Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, amezeeka upande wa macho zaidi kuliko mahali pengine, anasafisha pampu ya mtu. Nyuma yake chombo kilikuwa kimesimamishwa wima na kukatwa mlango chini, kimekuwa ghala la alizeti. Ile injini alikuwa ameirudisha kusaga. Aliutazama mfuniko, akapitisha kidole kwenye mpira uliokauka na kupasuka, akauegemeza kwenye kiti.

Nilisahau maelezo yote matatu.

"Fundi," nilisema, "ile taarifa niliiandika mimi."

"Najua."

Alinieleza kwamba walimwita ofisini wakamsomea, mwanzo mpaka mwisho, yeye amesimama. "Nilisikia majibu yangu yote tisa. Hukukosea hata moja. Nikajiuliza, ni nani huyu ametulia akanisikiliza hivi? Hata nyumbani kwangu sijasikilizwa hivyo. Nikajua ni wewe."

Nilianza kusema habari za chuo, kwamba tulifundishwa kuacha mlango, kwamba sikukusudia. Aliniacha nimalize. Kisha alivuta gunia akanionyesha nikae.

"Nimetaka kukuuliza siku nyingi, msomi, lakini ulikuwa unapita haraka. Pale mwisho. Ulisema nina lengo lingine. Ulifikiri ni lipi?"

Nilimtazama usoni kwa namna niliyokuwa nimeizoea, nikitafuta dhihaka, nikitafuta hasira, nikitafuta kitu chochote cha kuandika. Sikuona.

"Sikufikiri lolote," nilisema. "Niliandika tu."

Aliigeuza pampu mkononi.

"Mimi nilikuwa na hilo moja la kuona chini," alisema. "Uliposema kuna lingine, nilifikiri pengine wewe umeona, maana ulikuwa unaniangalia sana. Nimejitafuta miaka yote hii. Sijalipata." Aliinama kwenye kazi yake. "Ukija kulijua, uniambie. Hata kama ni baya."